Utii Hauombi Uongo

Liko swali moja linalozisumbua nyumba nyingi za Wakristo, ingawa si mara nyingi hutamkwa kwa sauti. Tangu utoto twafundishwa kwamba utii ni fadhila: mtoto amtii mzazi, mwanafunzi amtii mwalimu, mtawa amtii mkuu wake, mwamini amtii mchungaji wake. Tena twafundishwa kwamba ukweli ni fadhila, na kwamba uongo, hata uwe mdogo namna gani, ni uongo. Je, fadhila hizi mbili zikikutana katika njia nyembamba, ipi iipishe nyingine? Mkubwa halali akimwamuru mtu aiache kazi njema, naye mtu huyo ajua moyoni kwamba ameonewa, atii ama akatae? Na akiisha kutii, kisha akaambiwa akiri pia kosa asilolitenda, ajibu nini?

Majibu mepesi yapo mawili, na yote mawili ni mabaya. La kwanza husema: tii, na useme lolote utakaloambiwa useme, mradi amani ipatikane. La pili husema: umeonewa, basi tukana, vunja, uende zako. Leo twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu mwanamke mmoja aliyezikataa njia hizo mbili, akaifuata ya tatu, iliyo nyembamba kuliko zote. Mwanamke huyo ni Mary Ward, Mwingereza, mwanzilishi wa shirika la masista walimu.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1585 katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Siku zile kuwa Mkatoliki katika nchi hiyo kulikuwa jambo la hatari. Mwaka uleule aliozaliwa ilitungwa sheria ya kumhesabu kuwa mhaini kila padre aliyepata upadre ng'ambo kwa mamlaka ya Papa, kisha akaonekana nchini. Na mapadre wengi walinyongwa kwa sheria hiyo. Waamini waliokataa kuhudhuria ibada za Kanisa la serikali walitozwa faini, wengine wakafungwa. Bibi yake mzaa mama, ambaye Mary alilelewa kwake miaka kadha ya utoto, alikuwa amekaa gerezani muda mrefu kwa ajili ya imani. Kwa hiyo mtoto huyu hakulijua neno dhamiri kwa kulisoma vitabuni. Alimwona mzee mwenye kuilipia dhamiri yake, akala naye meza moja.

Mwaka 1606, akiwa na umri wa miaka 21, alivuka bahari kwenda Saint-Omer, mji ambao leo umo katika Ufaransa lakini wakati ule haukuwamo. Huko aliingia kwa masista wa Mtakatifu Klara, akapewa kazi ya kuzunguka milangoni kuomba sadaka kwa ajili ya monasteri. Baada ya muda alitambua kwamba Mungu hakumwitia maisha hayo. Akarudi London, akawapata wenzi wachache wenye nia moja naye, na mwaka 1609 wakaenda pamoja Saint-Omer kuanzisha nyumba yao na shule ya wasichana. Mwaka 1611, katika sala, alipata hakika kwamba shirika lake lifuate kanuni zilezile za Mtakatifu Inyasi na Wajesuiti wake, kwa kadiri wanawake wawezavyo kuzifuata.

Msomaji wa leo, aliyezoea kumwona sista akifundisha darasani, akipanda basi au akipima wagonjwa zahanati, pengine atauliza: jambo hilo lilikuwa na ugumu gani? Ugumu ulikuwapo, tena mkubwa. Mtaguso wa Trento ulikuwa umeagiza watawa wa kike wakae ndani ya kuta za monasteri, na mwaka 1566 Papa Mtakatifu Pio V aliikaza amri hiyo. Mary Ward alitaka masista wake watoke nje. Alitaka wavae mavazi ya kawaida, kwa kuwa huko Uingereza vazi la kitawa lingewapeleka gerezani. Alitaka wawe na Mama Mkuu mmoja wa nyumba zote, atakayekuwa chini ya Papa mwenyewe, wala si chini ya askofu wa kila mahali. Mambo hayo matatu yalikuwa mageni. Hatutendi haki tukisema kwamba wote waliompinga walikuwa watu waovu. Wako waliokuwa na wivu, na wako waliomtungia yeye na wenzake majina ya dhihaka. Walakini wako pia waliokuwa na sheria mkononi, nao walidhani wanaitumikia.

Mwaka 1617 iliwafikia masista habari kwamba padre mmoja amesema bidii yao itapoa, maana, hata hivyo, wao ni wanawake tu. Mary Ward aliwakusanya, akalijibu neno lile katika mafundisho yake. Aliwaambia kwa ufupi kwamba bidii haipoi kwa sababu mtu ni mwanamke, bali hupoa kwa sababu mtu hana ukamilifu na ameacha kuupenda ukweli. Na kwamba siku zijazo zitaonyesha wanawake wakitenda mambo makubwa. Msomaji aliweke akilini neno hilo la kuupenda ukweli, maana litarudi.

Kazi ikakua. Shule zikafunguliwa Liège, Köln na Trier. Mwishoni mwa mwaka 1621 Mary na wenzake wachache walifunga safari kwa miguu kwenda Roma, wakivuka milima ya Alpi wakati wa baridi, wakafika mkesha wa Noeli. Waliomba Papa alithibitishe shirika lao. Jibu halikuja, lakini hawakukaa bure wakilingojea. Mwaka 1622 walifungua shule Roma kwa ajili ya wasichana maskini, bila ada, ili wakubwa wa Kanisa waione kazi yenyewe kwa macho yao. Zikafuata shule za Napoli na Perugia, na baadaye Munich na Wien mwaka 1627, kwa msaada wa watawala wa nchi hizo. Shule ya Roma ilifungwa kwa amri mwaka 1625. Inasimuliwa kwamba mama za wale wasichana walilia. Twaamini.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo baadhi ya wamsifuo hulipita upesi. Ilipoanza kutolewa amri ya kuzifunga nyumba za kaskazini, Mary Ward alidhani kwamba amri hizo zatoka kwa maofisa tu, wala Papa hazijui. Alikuwa ameonana na Papa Urbano VIII mwaka 1629, wala hakuambiwa waziwazi kwamba shirika lake limekatiwa shauri. Basi mwezi wa Aprili 1630 aliwaandikia masista wa nyumba zile, akiwaambia wasizitii amri hizo. Kumbe alikosea. Shauri lilikuwa limetoka Roma kweli. Barua ile ilipoonekana, ilimgeuka, ikawa ndiyo hoja kubwa ya kumwita mwasi. Hakuwa mtu asiyekosa. Alikuwa mtu mwenye nia safi aliyekosa katika kuhukumu mambo, kama tukosavyo sisi sote.

Tarehe 13 Januari 1631 Papa alitia sahihi bula ya kulivunja shirika lote kwa maneno makali sana. Nadhiri zilifutwa, na nyumba zikaamriwa zifungwe. Tarehe 7 Februari Mary Ward alikamatwa Munich kama mzushi, mfarakanishi na mwasi wa Kanisa Takatifu, akafungiwa katika chumba kidogo kichafu ndani ya monasteri ya masista wa Mtakatifu Klara. Hakuruhusiwa kupewa barua wala kuzungumza na mtu wa nje. Wenzake walimletea vitu vya lazima vimefungwa katika karatasi, naye akawaandikia juu ya karatasi hizohizo kwa maji ya limau. Walipozipasha moto maandishi yalitokea. Barua hizo ziko hadi leo. Ndani yake twamkuta mtu mchangamfu, mwenye kufanya mizaha midogo na kuwakataza wenzake wasiwachukie waliomfunga.

Akaugua, akakaribia kufa, akaomba Sakramenti za mwisho. Ndipo akaletewa karatasi. Aliambiwa kwamba akiitia sahihi atapewa Sakramenti. Karatasi ile iliandikwa kwa werevu, kwa maneno ya kusema kwamba, ikiwa amenena au kutenda neno lolote kinyume cha imani na Kanisa, anatubu. Mtu mwingine angalisema: neno hilo "ikiwa" lanitosha, na nitie sahihi nife kwa amani. Mary Ward alikataa. Aliona kwamba kutia sahihi ni kuwapa watu sababu ya kusema kwamba ameungama uzushi, na kwamba wenzake wote, wasio na hatia, wangeingizwa katika aibu hiyo pamoja naye. Akasema afadhali ajitupe katika huruma ya Mungu bila Sakramenti kuliko kulitia doa jina la watu wasio na kosa. Kisha, kwa mkono wake dhaifu, akaandika tamko lake mwenyewe: kwamba hajawahi kutaka lolote kinyume cha Baba Mtakatifu wala cha Kanisa, na kwamba yu tayari kutii. Siku chache baadaye akapewa Mpako Mtakatifu. Akapona, na mwezi wa Aprili akafunguliwa kwa amri kutoka Roma.

Wasomaji wapenzi, tusimame hapa kidogo, maana jibu la swali letu limo katika chumba kile.

Mary Ward aliombwa vitu viwili. Aliombwa kuiacha kazi yake, na aliombwa aseme kwamba kazi hiyo na moyo wake vilikuwa vya uzushi. Watu wengi huona vitu hivyo kuwa kimoja. Yeye aliona kwamba ni viwili. Cha kwanza kilikuwa chini ya mamlaka. Papa anayo haki ya kuruhusu shirika na haki ya kulivunja. Akikosea katika kuitumia, atajibu mbele ya Mungu, lakini haki yenyewe haipotei. Alipojua kwamba amri imetoka kwa Papa mwenyewe, Mary Ward aliwaagiza wenzake watii mara moja, nao wakatii. Cha pili hakikuwa chini ya mamlaka ya mtu yeyote duniani. Hakuna mkubwa, hata awe na cheo gani, awezaye kuamuru kwamba jambo lisilotendeka liwe limetendeka. Kwa amri mkubwa aweza kuifunga nyumba, bali mtu hawezi kuamriwa aiite nyeupe nyeusi. Basi alitoa cha kwanza chote, na cha pili akakizuia chote.

Mtu atatuuliza: je, utii ule haukuwa woga? Mamia ya wasichana walipoteza shule zao. Masista waliokuwa wametoa mali yao na ujana wao walijikuta njiani, hawana nyumba wala nadhiri, na wengine waliishi kwa kuomba. Hatutaki kuyapamba mambo hayo. Madhara yalikuwa ya kweli, na wasichana wale hawakurudishiwa miaka yao. Lakini mwoga hutii kwa kuwa aogopa kuumizwa. Naye Mary Ward aliyekataa karatasi ile kitandani pake hakuwa mtu wa kuogopa kuumizwa. Alitii kwa sababu aliamini kwamba shule ile hakuianzisha kwa ajili yake mwenyewe. Kama kazi ni ya Mungu, Mungu ataifufua kwa wakati wake. Kama si ya Mungu, ya nini kuipigania? Na imani hiyo ilimgharimu yeye kwanza.

Mwingine atauliza kinyume: je, kuikataa karatasi ile hakukuwa kiburi? Mtakatifu wa kweli si angejinyenyekeza akubali hata asilolitenda? Twajibu kwamba unyenyekevu ni kuikubali hali yetu ilivyo mbele ya Mungu, na hali ya mtu haijengwi kwa uongo. Anayejisingizia dhambi amesema uongo sawasawa na anayejisingizia wema. Tena uongo ule usingemwumiza yeye peke yake. Waswahili walinena, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mary Ward alikubali kunyongwa, kama twaweza kusema hivyo. Alichokitetea ni haki ya wenzake kutoitwa wasivyo.

Baada ya kifungo alikwenda Roma tena, akasimama mbele ya Papa Urbano VIII, akamwambia kwamba yeye si mzushi wala hakupata kuwa mzushi. Papa akamjibu kwamba anamsadiki. Papa huyohuyo aliyekuwa ameandika bula ile akamruhusu akae Roma pamoja na wenzake, kama wanawake wa kawaida. Mwaka 1639 alirudi Uingereza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, alihamia karibu na mji wa York, akafa huko tarehe 30 Januari 1645 akiwa na umri wa miaka 60. Wenzake walimzika katika uwanja wa kanisa la Kiprotestanti kijijini Osbaldwick. Juu ya jiwe la kaburi hawakuthubutu kuandika kwamba alikuwa mtawa, wala kwamba alianzisha kitu. Waliandika tu, kwa maana, kwamba kuwapenda maskini na kudumu katika upendo huo, kuishi na kufa na kufufuka pamoja nao, ndilo lililokuwa lengo lake lote. Jiwe hilo liko mpaka leo ndani ya kanisa la kijiji kile.

Na kazi je? Wenzake wachache waliendelea kuishi pamoja na kufundisha. Mwaka 1686 nyumba ikafunguliwa York, nayo yasimama hata sasa. Mwaka 1703 Papa Klementi XI alizithibitisha kanuni zao 81. Mwaka 1749 Papa Benedikto XIV aliwaruhusu wawe na Mama Mkuu, lakini akawakataza wasimwite Mary Ward mwanzilishi wao. Fikirini hilo, ninyi mlio na mama. Binti wakaambiwa: kaeni nyumbani, lakini mama yenu msimtaje. Wakatii kwa midomo, wakazitunza barua na picha zake. Mwaka 1909, miaka 264 baada ya kifo chake, Papa Mtakatifu Pio X aliwaruhusu kumtaja. Mwaka 1951 Papa Pio XII alimsifu hadharani pamoja na Mtakatifu Visenti wa Paulo. Na mwezi wa Desemba 2009 Papa Benedikto XVI alitangaza kwamba alizishika fadhila za Kikristo kwa ushujaa.

Kama angalitia sahihi karatasi ile, nani angaliweza kumtetea baada ya miaka mia mbili na zaidi? Wangaliambiwa: mwenyewe amekiri. Ukweli alioushika akiwa hoi kitandani ndio uliokuwa mbegu. Na utii alioutoa ndio udongo uliofunika mbegu hiyo isiharibike kwa mfarakano. Angekosa kimoja, kingine kisingefaa.

Wala habari hii si ya mbali nasi. Tawi la shirika lake lililokulia Ireland tangu mwaka 1821, lijulikanalo kama masista wa Loreto, lilifika Nairobi mwaka 1921. Mwaka 1936 masista hao walifungua Limuru shule ya wasichana Waafrika, wakati ambapo wengi waliona kwamba kumsomesha msichana Mwafrika ni kupoteza mali. Katika shule hiyo alisoma Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Na Mtakatifu Teresa wa Kolkata alikuwa sista wa Loreto karibu miaka 20, akifundisha wasichana wa India, kabla ya kuwaendea maskini wa mitaani. Yule padre aliyesema bidii itapoa kwa kuwa ni wanawake tu, siku zimemjibu.

Basi sisi katika nyumba zetu tuchukue nini? Kwanza, wenye mamlaka tuwe na hofu takatifu. Mzazi, mwalimu, mkuu wa kazi, hata mchungaji, anayo haki ya kuamuru. Lakini hana haki ya kumlazimisha aliye chini yake aseme uongo ili amri ipate sura ya haki. Mara ngapi mtoto hupigwa hadi aseme "nimeiba", naye hakuiba, na mzazi akaridhika kwa kuwa amesikia neno alilolitaka? Mzazi huyo hakufundisha utii siku ile. Amefundisha kwamba uongo huokoa ngozi. Mara ngapi karani huwekewa mbele hesabu zisizo za kweli, akaambiwa atie sahihi kwa kuwa ndivyo mkubwa atakavyo?

Pili, tulio chini tujifunze kupambanua. Si kila amri isiyotupendeza ni dhuluma, wala si kila dhuluma yatupa ruhusa ya kuasi. Yapo mengi tuwezayo kuyaacha kwa ajili ya amani: cheo, sifa, hata kazi tuliyoijenga kwa jasho. Lakini neno la ukweli tusiliache, wala tusilitamke kwa matusi. Mary Ward alikataa kwa upole, akaandika kwa heshima, akamwombea aliyemfunga. Kukataa kwa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kupiga kelele.

Tatu, tukiisha kutenda hayo, tukubali kwamba huenda tusiione siku ya haki yetu. Yeye hakuiona. Alikufa akijua kwamba shirika lake limevunjwa na jina lake limo katika bula. Jioni ya leo, mtoto nyumbani akikataa kukiri asilolitenda, kabla hatujauinua mkono, tumwulize mara ya pili, kwa sauti ya chini, kisha tunyamaze tumsikilize.